Kunyolewa ndevu kwa wembe: maswali yenu na majibu

Habari za kazi. Kila nikinyolewa ndevu kwa wembe, siku ya pili au ya tatu shingo inajaa vipele, vingine vina usaha, hasa chini ya taya. Kinyozi anasema kuna nywele zimebaki, anakwangua tena kwa kupandisha wembe juu hadi ngozi iteleze kama kigae. Vipele ndiyo vinazidi. Shida ni wembe au ngozi yangu?
*Msomaji, Temeke, Dar es Salaam*

Shida ni huko kuteleza kama kigae. Ndevu za kipilipili zimepinda tangu ndani ya ngozi. Kinyozi akivuta ngozi na kupandisha wembe kinyume, unywele unakatwa ukiwa umevutwa nje. Ngozi ikiachiwa, kisiki kinazama ndani kikiwa na ncha kali. Kikianza kukua hakipati tundu lake, kinatoboa ngozi kwa pembeni. Mwingine hutoka vizuri, kisha hujikunja na kuingia tena ngozini milimita chache kutoka ulipotokea. Mwili unaupokea kama mwiba, ndiyo maana kipele hakitokei siku ile ile. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia, mara nyingi utaona humo ndani kiuzi cheusi kimelala kimejikunja.

Kwa ndevu za namna hii, kunyolewa vizuri ni kunyolewa ukibaki na mkwaruzo kidogo ukipapasa. Mwambie kinyozi kabla hajashika wembe: apite mara moja tu, kwa kufuata mlalo wa ndevu, asirudie kwa kupandisha. Shingoni mlalo hauko upande mmoja. Chini ya taya nywele nyingi huelekea chini, lakini karibu na koo nyingine hulala ubavu au hupanda juu. Ndevu zikiwa za siku 3, pitisha kidole: upande unaoteleza ndio wa kufuata, unaokwaruza ndio kinyume. Kinyozi anayejua kazi hupapasa hivyo kabla ya kupaka povu.

Maandalizi nayo yasirukwe. Ndevu ndefu zipunguzwe kwanza kwa mashine hadi milimita 1 au 2. Kisha taulo safi lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa likae usoni dakika 2 hadi 3. Kabla ya kuliweka, kinyozi ajaribu joto lake ndani ya kifundo cha mkono wake. Baada ya hapo povu la sabuni ya kunyolea, kwa brashi ya kuzungusha, liachwe dakika 1 au 2. Waliosema mwenzako akinyolewa wewe tia maji walijua kazi: unywele mkavu ni mgumu, ukilowa unavimba na kulainika, wembe unapita bila kuuvuta. Kunyunyiza maji mara mbili kwa chupa na kuanza kunyoa, kama inavyofanyika saluni nyingi, hakutoshi. Na povu likikauka kabla ya kazi kwisha, lipakwe upya.

Wembe ulazwe kwa nyuzi 30 hivi. Ukisimama sana unakwangua ngozi, ukilala sana unavuta nywele. Upitishwe kwa vipande vifupi vya sentimita 2 au 3, bila kukandamiza, na ngozi inyooshwe kidogo tu.

Vipele ulivyonavyo sasa vinahitaji mapumziko. Acha wembe kwa mwezi mzima, tumia mashine inayobakiza angalau milimita 1. Nywele nyingi zilizonasa zitajinasua zenyewe zikirefuka. Usitumbue wala usichimbe kwa sindano. Kwa wengine makovu ya hapo hutuna na hayarudi chini. Tahadhari pia na krimu za kung'arisha zenye steroidi. Zinashusha uvimbe kwa siku chache, lakini zikitumika muda mrefu bila daktari, ngozi inakonda na vipele vinarudi. Mwezi ukipita bila nafuu, mwone daktari wa ngozi.

Assalaam aleikum. Kinyozi wangu hupangusa wembe kwa spiriti, kisha huwasha kibiriti juu yake. Je, latosha hilo? Nitajuaje wembe ni mpya?
*Msomaji, Mombasa*

Waaleikum salaam. Halitoshi hata kidogo. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kwenye tone la damu lililokauka usiloliona. Moto wa sekunde mbili haufiki damu iliyojificha pale wembe unapobanwa. Yale makasha ya taa ya buluu nayo yasikutulize: mwanga unagusa upande unaoelekea taa tu. Hayo ni ya kuhifadhia vifaa vilivyokwisha kusafishwa.

Wembe hausafishwi, unatupwa. Omba ufunguliwe mbele yako kutoka kwenye karatasi yake. Vinyozi wengi huchukua wembe wenye makali pande mbili, huukunja ukiwa bado ndani ya karatasi hadi ukatike katikati, kisha huweka nusu moja kwenye kishikio. Hapo tazama kwa makini: nusu ya pili inakwenda wapi? Ikibaki ndani ya karatasi, haijamgusa mtu. Ikilala uchi mezani kando ya zilizotumika, hakuna atakayezitofautisha, hata kinyozi mwenyewe.

Kishikio ndicho kinachosafishwa baada ya kila mteja. Kifunguliwe, kisuguliwe kwa brashi na sabuni, kisha kilowekwe dakika 10 kwenye Jiki. Kwa Jiki ya asilimia 3.5, kipimo ni sehemu 1 kwa maji sehemu 6. Kikizidisha muda chuma kinashika kutu, kwa hiyo kisuuzwe na kukaushwa mara moja. Nyembe zilizotumika zikae kwenye kopo gumu lenye mfuniko.

Ikiwa umekatwa na wembe uliokwisha kutumiwa kwa mwingine, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kukinga VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na humezwa siku 28. Uliza pia kuhusu chanjo ya homa ya ini B. Kwa kawaida watu wazima huchomwa dozi 3 ndani ya miezi 6.

Ninajifunza unyozi. Ninunue ule wembe wa kukunja unaonolewa, au kishikio cha kubadilishia nyembe?
*Msomaji, Mwanza*

Kwa kazi ya wateja, kishikio. Wembe wa kunolewa ni chuma kimoja, huwezi kuutupa kila anapoinuka mtu kitini. Pia unadai kinoo, na mkanda wa ngozi wa kunyooshea makali kabla ya kila kunyoa. Ni kifaa kizuri sana kwa mtu mmoja anayejinyoa mwenyewe.

Kosa kubwa la wanaoanza na kishikio ni kuweka wembe upande upande. Kona moja ikitokeza nusu milimita tu kuliko nyingine, itachora mstari wa damu shavuni ingawa mkono wako umetulia. Ukishafunga, utazame kwenye mwanga: ukingo wa makali uwe sambamba na ukingo wa kishikio toka mwanzo hadi mwisho.

Je, shabu ni salama kwa kuzuia damu?
*Msomaji, Tanga*

Shabu yenyewe ni nzuri, inakaza ngozi na kufunga mkato mdogo. Hatari ni lile pande moja linalosuguliwa kwenye nyuso za wateja wote, kwa sababu linabeba damu ya mmoja kwenda kwa mwingine. Isagwe iwe unga, ichotwe kidogo kwa pamba mpya, pamba itupwe. Kabla ya hapo, gandamiza mkato kwa pamba safi dakika 2 au 3. Mara nyingi damu inakoma hapo hapo.

Nikimaliza kunyolewa, dada wa saluni ananifanyia skrabu kisha afta shevu. Uso unawaka moto hadi usiku. Ni kawaida?
*Msomaji, Arusha*

Imezoeleka, ila haifai. Wembe umeshaondoa tabaka jembamba la juu la ngozi pamoja na ndevu. Chembe za skrabu zinakwaruza palipobaki wazi, na spiriti ya afta shevu inaingia humo. Skrabu ifanyike kabla ya kunyoa, au isubiri siku 2 au 3. Baada ya wembe omba maji baridi, taulo safi la kubonyezea bila kusugua, na mafuta mepesi yasiyo na manukato.