Unataka kupima kama injini yako ya chesi (programu inayotafuta muvu bora) inaiona muvu ya Shirov? Kata intaneti kwanza

Wacheza chesi wengi mnaijua hii. Linares, Hispania, 1998, magwiji wawili, Shirov ana nyeusi dhidi ya Topalov. Kila mmoja kabaki na bishopu moja, tena za rangi tofauti, yaani moja inatembea vyumba vyeupe tu na nyingine vyeusi tu, na hapo mara nyingi ni droo hata ukimzidi mwenzio vitunda (vile vipande vidogo vya mbele) viwili. Muvu ya 47 Shirov akaibeba bishopu yake toka f5 mpaka h3 (hayo ni majina ya vyumba vya ubao), iliwe bure na kitunda cha g2!

Maana yake ni hii: mfalme mweusi alitaka kupita f5 aingie e4, ila bishopu yake mwenyewe ndo ilikuwa imemkalia njiani, na akiitoa hivi hivi tu mfalme mweupe anawahi e3 anaziba. Ikienda h3 inatishia g2, mweupe anapoteza muvu kuila, mwenzie kashafika e4. Topalov alikubali kushindwa muvu chache baadaye.

Sasa mimi niliipanga kwenye tovuti moja, sekunde haijaisha jibu h3, nikakimbilia grupu la WhatsApp kutamba. Jamaa mmoja akaniuliza, umezima data? Kumbe jibu lilikuwa limeshahifadhiwa huko kwa watu walioipima kabla yangu, injini yangu haikuwa imehesabu chochote. Aibu niliyoipata bana.

Nikazima data. Dakika ishirini, simu imechemka mpaka nimeitoa kava nikailaza sakafuni, h3 hakuna. Nikaichezea mwenyewe ile h3, nikarudi nyuma muvu moja, ikaiona papo hapo! Usidanganyike hapo, ni sawa na kumwonyesha mtoto majibu ndo umpe mtihani, lazima ufute memori ya injini kila unapoanza upya. Pia iache ionyeshe mstari mmoja tu, yaani muvu moja bora na zinazoifuata. Mimi nilikuwa naiwekea mitano, ikawa inalazimika kuchunguza vizuri hata zile muvu ambazo ikiwa peke yake ingezipita juu juu, na kumpa mtu bishopu bure ni muvu ya kupitwa juu juu kabisa, maana injini zinaokoa muda kwa kutozama kwenye vitu vinavyoonekana vya kijinga.

Kama injini inatumia kori (viini vya prosesa) zaidi ya moja rudia hata mara tatu, majibu huwa yanabadilika, leo dakika mbili kesho kumi. Na ikitaja h3 usishangilie bado, angalia kama inabaki hapohapo na kama inafuatisha mfalme f5 halafu e4, la sivyo imebahatisha tu.

Simu yangu ya zamani yenye injini ya kizamani nimeiwasha tangu saa mbili usiku iko kwenye chaji, naandika hapa saa tano na bado inang'ang'ania bishopu iende e4, palepale mfalme wake anapopataka.