Usianze na namba moja: kwa wanaotaka kuingia Star Trek

Ramadhani iliyopita mpwa wangu alinijia baada ya tarawehe, simu mkononi. "Mjomba, nataka kuanza Star Trek. Naanzia wapi?"

Star Trek ni tamthilia za Kimarekani za watu wanaosafiri angani kwa vyombo, na swali hili nishaulizwa barazani, dukani, hata kwenye feri ya Likoni hapa Mombasa tukiwa tumebanwa kama dagaa. Kwa miaka mingi nilikuwa nikilijibu vibaya. Nilikuwa nasema: anza mwanzo, bwana, kitu kina mwanzo wake. Wengi wa niliowajibu hivyo waliacha kabla juma halijaisha, na hawakurudi kuniuliza tena.

Kwanza ujue ukubwa wa mzigo wenyewe. Tamthilia ya kwanza ilirushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Ikaenda misimu mitatu, vipindi 79, ikakatwa 1969. Mwaka 1987 ikafufuka na chombo kipya na nahodha mpya kwa jina la The Next Generation, vipindi 178 mpaka 1994. Kabla hiyo haijaisha ikazaliwa Deep Space Nine mwaka 1993, vipindi 176, na 1995 ikaja Voyager, vipindi 172. Hizo nne peke yake ni vipindi 605. Ukiangalia kimoja kila usiku bila kukosa, usiugue, stima isipotee, utamaliza baada ya mwaka na nusu na zaidi. Na hapo sijagusa Enterprise ya 2001, wala filamu, wala zile za kuanzia 2017.

Mimi niliingia kwa mlango mbovu. Nilinunua diski kwenye meza moja Mwembe Tayari, siku zile diski zilipokuwa diski, nikaenda nazo nyumbani nimejaa furaha. Kipindi cha kwanza kwenye diski kilikuwa The Cage. Nikakaa. Nahodha anaitwa Pike. Nikamzoea Pike. Kipindi cha pili, Pike hayupo! Kuna mtu mwingine anaitwa Kirk, mabaharia wote wamebadilika isipokuwa Spock, yule wa sayari nyingine mwenye masikio ya ncha ambaye sifa yake ni kutocheka, na hakuna anayeeleza lolote. Nikadhani nimeuziwa diski iliyochanganywa. Nikarudi kwa muuzaji kugombana naye, maskini, naye hakuwa na kosa.

Kumbe The Cage ni kipindi cha majaribio. Wenye televisheni walikikataa, wakaagiza kingine, na hicho cha pili ndicho kilichomleta Kirk. Vipande vya The Cage vilikuja kutumiwa baadaye ndani ya hadithi nyingine, lakini chenyewe hakikurushwa wakati ule. Hadi leo kuna orodha zinazokiweka namba moja, na mgeni anakifungua kwa nia safi. Ukikikuta hapo juu, kiruke. Tutakirudia.

Kosa langu la pili lilikuwa la aibu zaidi, maana nililifanya mbele ya watu. Kipindi kilichorushwa siku ile ya kwanza kabisa, The Man Trap, kina Kiswahili. Kweli. Kuna kiumbe kinachoishi kwa kufyonza chumvi ya miili ya watu, na kila mtu kinamjia kwa sura anayoitamani. Uhura, yule dada wa mawasiliano ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru, kinamjia kwa sura ya mwanamume mweusi anayemsemesha Kiswahili. Mimi nikaenda barazani nikapiga kelele: jamani, Wamarekani mwaka 1966 waliongea Kiswahili angani, njooni muone! Wakaja watu saba. Nikanunua kahawa na kashata. Kile Kiswahili kikapita, maneno machache tu, cha ajabu ajabu, na kabla muuza kahawa hajamaliza kumimina kikawa kimekwisha. Kilichobaki ni karibu saa nzima ya picha za zamani na kiumbe chenye manyoya. Mpaka leo nikipita pale kuna mmoja huniuliza kama nimeshapata chumvi.

Basi nimejifunza hivi: kinachomfunga mtu si kipindi cha kwanza, wala kipindi chenye kitu cha kwao juu juu. Ni kipindi kinachouliza swali ambalo yeye analo tayari. Nikaacha kumwambia kila mtu aanze mwanzo, nikaanza kuwauliza wanapenda hadithi gani.

Na kwa Mswahili, wa hapa kwetu hasa, jibu langu siku hizi ni moja: anza na Darmok. Ni kipindi cha msimu wa tano wa The Next Generation, cha mwaka 1991. Ndiyo, msimu wa tano. Usiogope, huhitaji kujua chochote ila kwamba nahodha mwenye kipara anaitwa Picard.

Nilikiona mara ya kwanza nikiwa na bibi yangu, Mji wa Kale, yeye hajui Kiingereza, mimi namtafsiria. Chombo cha Picard kinakutana na watu ambao hakuna aliyewahi kuelewana nao. Mashine ya kutafsiri inafanya kazi, maneno yanasikika vizuri kabisa, ila maana hakuna. Wanataja majina ya watu na mahali: fulani na fulani kisiwani, fulani siku kuta zilipoanguka. Mabaharia wanatazamana. Nahodha wa wale wageni anachoka, anamchukua Picard, anajipeleka naye kwenye sayari yenye mnyama mkali. Ana majambia mawili mkononi. Moja anamrushia Picard. Picard anadhani anaitwa kupigana.

Mimi natafsiri neno kwa neno, natoka jasho, nachanganyikiwa kama Picard. Bibi akaweka kikombe chini. "Mwanangu, hawa wasema kwa mafumbo. Ni kama mimi nikwambie: Saada na mkate wa wishwa. Wewe si wajua? Mgeni yeye atasikia mkate tu."

Wallahi nilisimamisha diski. Maana ndivyo ilivyo. Fumo Liyongo yuko kifungoni, chakula kizuri akiletewa askari wanakila, basi anamtuma kijakazi Saada kwa mamake kwa maneno ya fumbo, mama anaoka mkate wa wishwa, yaani wa pumba, na kuficha tupa ndani. Askari wanaudharau mkate, wanamwachia, naye anakata minyororo. Aliyelelewa na hadithi ile, maneno matano yanamtosha. Asiyeijua, hata umpe kamusi nzima, ameambulia unga. Yule nahodha mgeni hakuwa anatangaza vita. Alikuwa anasema: tuwe kama wale wawili wa hadithi yetu, waliofika kisiwani mbalimbali, wakakabili mnyama mmoja, wakaondoka pamoja. Bibi alielewa kabla Picard hajaelewa, na Picard ana chombo chenye watu elfu moja wa kumshauri.

Mwisho wake sisemi. Nasema tu kwamba Picard naye ilibidi atoe hadithi ya kale, wamekaa kando ya moto usiku, na bibi alilia.

Ukikipenda hicho, rudi nyuma mpaka mwanzo wa msimu wa tatu, uende mbele kutoka hapo. Misimu miwili ya kwanza ya The Next Generation inapepesuka, hata sisi wapenzi tunakiri. Wa pili ulipunguzwa kwa sababu ya mgomo wa waandishi wa 1988, na kipindi chake cha mwisho kimeungwaungwa kwa vipande vya vipindi vilivyopita, kama kiporo kilichopashwa mara tatu. Ila humo humo kuna The Measure of a Man, ambapo mashine yenye umbo la mtu inapelekwa mbele ya jaji kuamuliwa kama ni mali ya mtu au ni nafsi. Mji huu una historia yake na swali hilo. Kiangalie.

Kuna wanaopenda hadithi ndefu ya siasa na vita, isiyoisha kwa usiku mmoja. Hao nawapeleka Deep Space Nine. Hakuna safari pale, watu wamekaa kituoni na dunia inapita mbele yao: wafanyabiashara, wakimbizi, majasusi, walanguzi, na mwenye baa anayejua habari za kila chombo kilichofunga. Mtu aliyefanya kazi bandarini Kilindini hahitaji kuelezwa. Hii sasa anza namba moja na usiruke hovyo, maana kuanzia katikati vita vyake vinaunganika kipindi kwa kipindi. Nilimpa jirani yangu diski ya msimu wa sita kwanza kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, akanirudishia kesho yake akiniambia hajui nani anampiga nani. Voyager pia anza mwanzo: chombo kimetupwa umbali wa miaka ya mwanga 70,000 kutoka nyumbani, na kipindi cha kwanza ndicho kinachosema kwa nini.

Wako watakaokushauri uangalie kwa kufuata miaka ya ndani ya hadithi, uanze na Enterprise ya 2001 kwa vile inasimulia mambo ya kabla ya Kirk. Usiwasikilize. Utamu wake mwingi ni kuona chanzo cha vitu unavyovijua, nawe hujavijua bado.

Na ile ya 1966? Iko na mahali pake, lakini ichovye, usiimeze. Nampa mtu The Devil in the Dark, ya 1967: wachimba madini wanauawa na kiumbe cha mawe, kila mtu anataka kiuawe, mpaka Spock anapokigusa na kujua kile ni mama na wachimbaji ndio wanaovunja mayai yake. Rangi zake zimepitwa, mapango yanaonekana ya karatasi. Dakika kumi, umesahau.

Mpwa wangu yeye Darmok alikataa. Hataki picha zilizotengenezwa kabla hajazaliwa, na hilo ni haki yake. Nikampa Strange New Worlds ya 2022, kipindi cha pili, Uhura akiwa kijana: humo katokea Kenya, na anajua lugha 37. Vipindi vya msimu wa kwanza ni kumi, kila kimoja hadithi yake. Alimaliza msimu kabla ya Idi. Na nahodha wa chombo kile ni nani? Pike. Yule yule.

Mwezi uliofuata akanipigia saa nne usiku. Alikuwa ameitafuta mwenyewe The Cage, bila kuniuliza.

"Mjomba, mbona Spock anacheka?"

Anacheka kweli, ameshika jani linaloimba, meno nje. Mimi nilikiona kipindi kile mara ya kwanza bila kushangaa hata kidogo, kwa sababu nilikuwa simjui Spock.