Mchungaji amechoka: baraza la wazee lianzie wapi?

Bwana Yesu asifiwe, mzee. Umeuliza baraza lenu lifanye nini kwa mchungaji mwenye mitaa mitano ya usharika, ambaye siku hizi anawakwepa washarika, hasira ziko karibu, na mahubiri anayatoa kwa kujilazimisha. Wenzako wamependekeza mfungo. Ombeni, lakini msiishie hapo. Eliya alipochoka hadi kutamani kufa chini ya mretemu (1 Wafalme 19), alipewa kwanza mkate, maji na usingizi. Swali la "unafanya nini hapa" lilikuja baadaye sana.

Dalili ulizotaja zinafanana na zile tatu za uchovu wa kazi (burnout) ambazo Shirika la Afya Duniani liliziweka mwaka 2019 katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona kazi haizai. Shirika halikuiita hali hiyo ugonjwa. Lilisema inatokana na msongo wa kazini uliokosa kushughulikiwa. Kwa hiyo kagueni kazi kabla ya kumkagua mtu. Mwombeni aandike kwa wiki nne kila alichofanya na saa alizotumia, simu za usiku zikiwemo. Katika sharika nyingi daftari hilo huonyesha kuwa kinachomla si mahubiri, ni misiba, simu na vikao.

Anzeni na misiba. Pangeni kwamba siku ya kwanza anakwenda mzee wa mtaa na mwinjilisti, ibada za jioni zinaongozwa na jumuiya, na mchungaji anafika mara moja kufariji, kisha kwenye maziko. Litangazwe kanisani kama uamuzi wa baraza, tena kabla msiba wowote haujatokea, la sivyo wafiwa watasema mchungaji amewadharau. Mpango huu huvunjika kwa njia moja karibu kila mahali: anafiwa mtu mwenye uwezo, mchungaji anashinda pale siku zote, wiki inayofuata anafiwa mjane maskini, anaambiwa utaratibu ni mara moja. Hapo utaratibu umekufa, na washarika wana haki ya kukasirika. Usawa huo ulindwe na wazee, asiachiwe yeye kukataa watu.

Siku ya mapumziko ianze Jumapili jioni, mnada wa sadaka ukishaisha, hadi Jumanne asubuhi. Jumatatu ikiliwa na maziko, alipwe siku nyingine ndani ya wiki hiyohiyo. Ukisema "atapumzika wiki ijayo", hatapumzika. Simu ya kanisa ikae kwa mzee wa zamu kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi. Anaamshwa mchungaji kwa mgonjwa mahututi, kifo, ukatili wa nyumbani au mtu anayetaka kujidhuru. Ugomvi wa kwaya usubiri kukuche.

Harusi ni rahisi zaidi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka taarifa siku 21 kabla, hivyo mnajua mapema. Wekeni kikomo cha harusi moja kwa Jumamosi.

Likizo sasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 28 kwa mwaka na saa 24 za mapumziko kila wiki. Hata kama kanisa lenu halimwiti mchungaji mwajiriwa wa kawaida, tumieni kipimo hicho. Tatizo ni nyumba yake kuwa ndani ya uwanja wa kanisa: akibaki pale, watu watabisha hodi tu. Nauli ya familia iingie kwenye bajeti ya mwaka, na jina la atakayeshika nafasi yake liandikwe kwenye muhtasari wa kikao pamoja na tarehe. Kabla ya kuondoka aache orodha ya wagonjwa, ndoa zilizotangazwa na madarasa ya kipaimara. Bila hayo atapigiwa simu siku ya pili.

Mke wake msimhesabu kama mfanyakazi wa bure. Akiongoza kina mama, iwe kwa hiari yake. Na posho ya mchungaji itoke kwa tarehe. Mtu anayekopa ada ya watoto hapumziki hata akilala.

Atafutiwe pia mtu wa kumsikiliza, kutoka nje ya usharika, angalau mara moja kwa mwezi. Asiwe mkuu wa jimbo, wala mtu yeyote mwenye usemi juu ya uhamisho wake, kwa sababu mbele ya huyo atasema "tunamshukuru Mungu" na kunyamaza.

Jambo la mwisho halihitaji kusubiri kikao. Akikosa usingizi au hamu ya kila kitu kwa zaidi ya wiki mbili, apelekwe kwa daktari. Huenda ni sonona, ambayo likizo peke yake haiitibu. Akitaja kufa, mzee mmoja akae naye na aende naye hospitali siku hiyohiyo.