Nyufa kwenye boti ya faiba: zipi za kuogopa?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina boti ya faiba, nimeipandisha juu niioshe nikakuta vinyufa vyembamba kila mahali. Karibu na omo (mbele ya boti) vimekaa kama nyota, kwenye deki vimetapakaa ovyo, halafu ubavuni kuelekea tezi (nyuma) kuna mistari kama minne imepangana. Fundi mmoja anasema piga filla (ile lipu ya kuziba) upake rangi, mwingine anasema bodi imekwisha nisiiteremshe tena majini. Nimsikilize nani?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hao wote wawili wametoa hukumu kabla ya kuangalia, na hapo una nyufa za aina tatu, sio moja.

Unachokiona kimepasuka ni jelikoti, ile ngozi ya nje yenye rangi. Unene wake ni kama nusu milimita au zaidi kidogo, haina nyuzi ndani yake, ni ngumu lakini kupinda haiwezi. Faiba iliyo chini yake inapinda, kwa hiyo bodi ikicheza jelikoti ndio inatangulia kupasuka, kama plasta ambayo inaweza kupasuka ukuta ukiwa mzima au ukiwa unaanguka. Kazi ni kujua ipi ni ipi.

Za deki zisikunyime usingizi. Mara nyingi jelikoti ilipakwa nene mno, ikishapita milimita moja inapasuka yenyewe kwa jua na baridi. Ila zikiwa zimezunguka pale kamba inapofungwa, fungua boliti uone kama chini kuna bamba la kugawa mzigo, wengi hawaweki.

Ile nyota ya omo ni kipigo, umegonga gati au kuna mtu kaangusha nanga kwa ndani. Ingia ndani ukaangalie upande wa pili na tochi, faiba ikiwa na baka jeupe maana yake nyuzi zimeachana na resini, ile gundi inayozishika. Gonga na sarafu ukianzia mbali ukija karibu, sauti kavu ni nzima, ikibadilika ikawa nzito tabaka huenda zimeachana, sema karibu na taruma (mbavu za ndani zinazoimarisha bodi) sauti inabadilika hata kwa bodi nzima kwa hiyo linganisha na ubavu wa pili.

Sasa ile mistari ya tezi ndio ingenifanya nisilale. Mistari iliyopangana inaonyesha bodi inapinda palepale kila siku, mara nyingi kwenye ukingo wa taruma au kiambaza (ukuta wa ndani unaogawa boti), na huenda taruma imeng'oka kwa ndani au mbao iliyofunikwa na faiba imeoza. Sukuma kwa mkono mwenzako akiwa ndani anatazama, halafu shika mguu wa injini uupandishe na kuushusha, ubao wa nyuma usitikisike hata kidogo.

Kisha paka wino juu ya nyufa, futa na asetoni (mbali na moto tafadhali), wino utabaki ndani ya ufa na utaona urefu wake wa kweli. Chagua mmoja uuchimbe taratibu kwa ncha ya kikwangulio. Ukiisha kabla hujafika kwenye nyuzi ni wa sura tu, panua mfereji, jaza jelikoti, funika na plastiki maana ikiguswa na hewa juu inabaki nata, piga msasa. Ukiingia kwenye nyuzi, saga mpaka ufike penye uzima na ukingo uulaze mara 12 ya unene, yaani faiba ya milimita 5 inataka kama milimita 60 kila upande, ndio uweke tabaka mpya. Vaa barakoa, vumbi lile ni baya sana.

Filla juu ya ufa ambao haujapanuliwa, na taruma ndani bado inacheza, itapasuka tena palepale. Anza na taruma, na mpaka uijue hali yake boti ibaki juu.