Si udaktari pekee, mama

Mama, umeuliza binti yako mwenye A ya hesabu na fizikia asome nini kama hataki udaktari. Kwani mko Nakuru na hamjauona mvuke wa Menengai, ile volkano iliyo karibu nanyi? Ule ni ajira! Olkaria, kule Naivasha, wanazalisha umeme wa jotoardhi, yaani wa mvuke unaotoka chini ya ardhi, tangu 1981. Mwanajiolojia huonyesha pa kuchimba, mhandisi husimamia kisima kinachoweza kufika kilomita 3 chini, mkemia hupima maji na gesi. Mpenda hesabu naye huchora kwa kompyuta mwamba ambao hakuna aliyeuona (mimi ningeenda huko). Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, kina taasisi ya jotoardhi. Ila mwambie mapema: uchimbaji una zamu za usiku, na harufu ya mayai viza.