Jibu: Methani ya jarubani si kosa la yurea

Ndugu, umeuliza kama ni kweli mpunga wa Doho, kule Butaleja, mashariki mwa Uganda, unachafua hewa, na kama kupunguza mbolea ya yurea kutatosha. La kwanza ni kweli. La pili, hapana.

Jaruba likijaa maji muda mrefu, udongo hukosa oksijeni, na vijidudu vinavyoozesha mabua na mizizi huko chini hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Nyingi hupanda kupitia shina la mpunga wenyewe hadi hewani. Ukifukia mabua mabichi na kufurisha maji papo hapo, umeviandalia karamu. Afadhali yaoze kwanza shamba likiwa kavu, au yafanye mboji.

Yurea ina balaa lake: sehemu ya nitrojeni yake hugeuka naitrasi oksaidi, gesi nyingine inayoongeza joto la dunia, hasa shamba likikauka na kulowa tena. Na ukiimwaga juu ya maji yaliyotuama, nyingine hupotea hewani kama amonia (pesa yako hiyo!). Toa maji, weka mbolea, kisha rudisha maji.

Dawa ya methani ni maji yenyewe. Toboa matundu kwenye kipande cha bomba, kizamishe udongoni, uwe unachungulia: maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, fungulia tena. Kwa makadirio ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, kukausha mara kadhaa kwa msimu hupunguza methani karibu nusu. Ila mpunga ukitoa maua, usithubutu kuukausha.

Kwenye skimu ya umwagiliaji ugumu ni zamu: jirani wa juu akifungulia, maji yanakufikia utake usitake. Hilo lipeleke kwa kamati ya maji kabla ya kupandikiza.