Mteja wa Melini Haondoki: Kwa Wadogo Zangu wa Malindi Mnaokwenda Kuuza Dukani Baharini

Mwezi uliopita vijana watatu walikuja nyumbani kwetu Barani, Malindi, wameitwa kwenye usaili wa kazi za duka katika meli za kitalii. Waliniuliza mshahara, wakaniuliza chakula, wakaniuliza kama meli hutikisika usiku. Kuuza hawakuuliza. Nadhani waliona hilo wameshalijua, kwa kuwa wote watatu wamekulia kwenye vibanda vya vinyago na leso, na Kiitaliano kinawatoka kama maji. Nami niliondoka Malindi na imani hiyo hiyo, ikanigharimu. Nimefanya mikataba minne dukani melini, miwili Karibi na miwili Mediterania, na yale niliyowaambia wale vijana nimeona niyaandike yawafikie na wenzao.

Ufukoni kwetu mtalii ni mpita njia. Leo yuko ufuko wa Silversand, kesho mbugani Tsavo, keshokutwa yuko angani. Bei unaianzia juu upate pa kushukia, sifa unazitia mpaka zikolee, na akishalipa mmeagana. Melini mteja haondoki. Ukimuuzia Jumatatu jioni, Jumanne asubuhi mko naye kwenye lifti, na Jumatano ameketi na meza nzima ya watu wanane akiwasimulia alichonunua na aliyemuuzia. Akiwa ameridhika, wale wanane watakuja kukuulizia kwa jina, maana jina lako umelivaa kifuani. Akiwa na kinyongo, hutawaona dukani mpaka safari iishe.

Katika mwezi wangu wa kwanza nilimuuzia mama mmoja wa Kiitaliano pete ya tanzanaiti. Alinipenda aliposikia natoka Malindi, kwa sababu yeye na mumewe walishafika Watamu. Akaniuliza, naweza kuivaa kila siku? Nikamjibu, bila wasiwasi. Ukweli ni kwamba sikujua, na kusema sijui niliona aibu. Siku ya tatu alirudi na pete ameifunga kwenye kitambaa. Jiwe lilikuwa limemeguka pembeni. Alikuwa ameligonga kwenye ngazi ya bwawa la kuogelea. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Lakini nilikuuliza." Zilikuwa zimebaki siku nne za safari, na kila siku nilimwona.

Basi jueni mnachokiuza. Kwenye kipimo cha ugumu wa mawe, kile cha Mohs, almasi iko 10, yakuti 9, na tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Ikigongwa vibaya humeguka. Haipatani na joto la ghafla, wala na zile mashine za kusafishia vito kwa mtetemo wa sauti. Mahali pake hasa ni kwenye herini na kidani. Ukiifanya pete, iwe ya kuvaliwa siku ya shughuli. Tangu siku ile nikawa nayasema haya kabla sijaulizwa. Wengi waliokuja kutaka pete waliondoka na herini, na wakarudi na dada zao. Mtu akikusikia unataja udhaifu wa bidhaa yako mwenyewe, zile sifa utakazotaja baadaye nazo huziamini.

Na jiwe lenyewe ni la huku kwetu. Lilipatikana Mererani, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1967, na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ikaanza kuliuza kwa jina la tanzanite. Mpaka leo biashara yote ya dunia inatoka kwenye vilima hivyo hivyo. Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa ya rangi ya kahawia, na moto ndio unaoyatoa ile buluu yenye zambarau. Mteja mwambie, si siri wala si kasoro. Nilipowasimulia wageni kuhusu Saniniu Laizer, mchimbaji aliyeiuzia serikali ya Tanzania mawe mawili mwaka 2020, moja likiwa na uzito wa kilo 9 na zaidi, walikuwa wakisogeza viti. Ukiwa na kabati lenye savoraiti, lile jiwe la kijani, waeleze kwamba limepewa jina la Tsavo na kwamba linachimbwa Taita Taveta. Barabara ya kutoka Malindi inaingia Tsavo kwa lango la Sala, hivyo hapo huna haja ya kubuni chochote. Muuzaji wa Manila au wa Mumbai atayasoma haya kwenye karatasi. Wewe utayasema kama mtu wa nyumbani.

Kiitaliano chetu nacho kinahitaji kunyooshwa. Tumekiokota ufukoni, na ufukoni kila mtu ni "tu", yaani "wewe" ya kirafiki. Dukani, bibi wa miaka 70 kutoka Genova ukimwita "tu" na kumwambia "ciao bella" utakuwa umemvunjia heshima mbele ya wajukuu zake. Mwambie "buonasera, signora", na useme naye kwa "Lei", ile "wewe" ya heshima, mpaka mwenyewe akuruhusu vingine. Ni kama kumwamkia mzee wako shikamoo; kwa nini mgeni tumpe pungufu ya hapo? Lugha hii ndiyo iliyonipatia nafasi kwenye meli za Mediterania, na nimeona wenzetu wa pwani wakipita usaili kwa sababu yake. Ila sarufi msiionee uvivu.

Sasa saa za kazi, ambazo huwachanganya wageni wote. Meli ikiwa bandarini, duka katika bandari nyingi hufungwa. Bidhaa zile hazijalipiwa ushuru, na ukiziuza meli ikiwa gatini ni sawa na kuingiza mali nchini bila kupita forodha. Kuna mahali ofisa wa forodha hupanda na kutia lakiri hata stoo ya pombe na sigara. Tunafungua meli ikishatoka. Eneo la bahari la nchi linaweza kufika maili 12 za baharini, na meli iendayo kwa noti 18, yaani maili 18 za baharini kwa saa, huzimaliza kwa dakika 40, kwa hiyo ukisikia honi ya kuondoka uwe umeshavaa. Siku ya bahari, ile ambayo meli haigusi bandari kabisa, ndiyo gulio letu: tunafungua asubuhi na kufunga usiku. Siku ya bandari watu wa jikoni na wa vyumba wanahangaika, sisi tunashuka kutembea. Wenzenu watawaonea wivu kwa hilo. Msijitambe, kwa sababu siku ya bahari hamtakaa.

Neno "bila ushuru" litumieni kwa uangalifu. Tangu Julai 1999, safari inayozunguka nchi za Umoja wa Ulaya peke yake haina msamaha huo, na mgeni hulipa kodi kama anavyolipa kwao. Meli ikigusa bandari iliyo nje ya Umoja, tuseme Kotor au Tunis, hesabu hubadilika. Kila safari inapoanza, mwulizeni meneja njia yetu inahesabiwaje, ili msiahidi msamaha usiokuwapo. Wekeni kichwani pia viwango vya kurudi nyumbani: Mmarekani anaruhusiwa bidhaa za dola 800 kabla ya kutozwa, na kwa aliyetimiza miaka 21, lita moja ya pombe; anayeingia Umoja wa Ulaya kwa meli au ndege, yuro 430; anayeingia Uingereza, pauni 390. Kwenye duka la vito mtu huvuka kiwango kwa saa moja ya mkononi. Mwambie atunze risiti na aitangaze forodhani. Nilimwona mwenzangu akimnong'oneza mteja avae saa mpya kana kwamba ni ya zamani. Ule si msaada. Akikamatwa ni yeye, na atakumbuka nani alimfundisha.

Pesa taslimu hutazigusa sana. Mgeni anatoa kadi yake ya chumba, deni linaingia kwenye akaunti, na bili anaiona mwisho wa safari. Kwa sababu haoni noti ikitoka mfukoni, wengine hununua kuliko uwezo wao. Nina maoni yangu hapa, na sitayaficha: akija mzee mara ya tatu usiku huohuo, harufu ya mvinyo mdomoni, akitaka mkufu wa dola 4,000, mwekee kando, mwambie utamtunzia mpaka asubuhi. Meneja mmoja alinilaumu kwa hilo. Mimi bado naona nilifanya sawa.

Chupa za pombe nazo zina utaratibu wake. Mgeni akinunua Jumatatu, kwenye meli nyingi hupewa usiku wa mwisho tu, au siku ya kushuka. Mweleze kabla hajalipa, siyo baada.

Siku ya mwisho ya bahari meza hutolewa nje ya duka, ofa zikabandikwa, na bei za fulana, saa ndogo na mikufu zikashuka. Watakuja waliokulipa bei kamili siku ya pili. Kama ulimwambia mtu "hii haitashuka," umekwisha. Sentensi niliyojifunza ni fupi: "Sijui kama itashuka, ninachojua ni kwamba saizi yako imebaki moja." Iseme pale tu ambapo ni kweli imebaki moja.

Wengi hudhani kazi ni kusimama kwenye marumaru na kunukia marashi. Siku ya kubadilisha abiria, asubuhi na mapema, shehena inaingia kwa upande wa meli na mnashuka wote, muuza almasi na muuza peremende, kubeba makasha kwenye korido ndefu ya wafanyakazi ambayo kwenye meli nyingi za Kimarekani huitwa I-95, kwa jina la barabara yao kuu. Mnafungua, mnahesabu, mnabandika bei. Kabla ya kung'oa nanga kuna zoezi la dharura: honi saba fupi na moja ndefu, nawe unavaa fulana ya rangi kali na kuelekeza watu mahali pao pa kukusanyika. Tangu mkasa wa Costa Concordia, meli ya kitalii iliyozama pwani ya Italia Januari 2012, sheria ya kimataifa imekazwa, zoezi lifanywe kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Lichukulieni kwa moyo wote. Ngazi unayosimama ndiyo ambayo mtoto wa mtu atakuja kukuuliza njia.

Bahari ikichafuka hakuna atakayewaambia mara mbili: chupa zifungiwe kwa vizuizi vya rafu, vioo vya marashi vilazwe chini, kabati zitiwe kufuli.

Nikija kwa Waislamu, na tuko wengi. Duka la meli lina upande wa pombe. Niliomba nipangwe kwenye vito, nikapangwa, lakini siku ya shehena kasha la pombe lilinijia mkononi kama la mwenzangu. Kuna wenzetu wanaoona sawa kubeba na si sawa kuuza, kuna wanaokataa yote. Mwulize shehe unayemwamini na uamue ukiwa nyumbani, kisha ulitamke kwenye usaili. Usingoje ufike Miami. Swala inawezekana, Waindonesia wengi wapo chini, kwenye sehemu za wafanyakazi, na mara nyingi watakuwa wameshapata mahali pa kuswalia. Kibla ndiyo hubadilika meli inapogeuka, na saa nazo hurudishwa nyuma au kusogezwa mbele usiku mmoja baada ya mwingine.

La mwisho ni karatasi, na hapa ndipo vijana wetu wanapoliwa. Duka mara nyingi si la kampuni ya meli. Linaendeshwa na kampuni za maduka kama Starboard ya Miami au Harding ya Uingereza, zinazoajiri watu wao. Ombeni kwao moja kwa moja pale inapowezekana. Mimi nilianza kwa wakala mmoja mjini Mombasa aliyenitoza shilingi 60,000 za "kufungua faili". Faili halikufunguliwa. Nilikuja kujua baadaye kwamba Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi, na unamhesabu baharia kila anayefanya kazi melini, hata muuza marashi. Unaruhusiwa kulipia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Wakala mwulizeni leseni yake, kisha mkaithibitishe katika Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya kabla ya kutoa hata shilingi. Mafunzo ya awali ya usalama, kuogelea na jaketi la kuokolea maisha na kuzima moto, yanapatikana Bandari Maritime Academy, Mombasa.

Mkataba huo unawapa pia mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa siku na saa 77 kwa siku saba. Mtaandika saa zenu kwenye rekodi. Andikeni zile za kweli, hata mkiombwa vingine.

Nakala za kila karatasi mwachieni mama nyumbani. Chukueni viatu vyeusi jozi mbili vyenye soli isiyoteleza, sweta moja kwa sababu dukani ubaridi wa mashine haupungui, na daftari dogo la kuandika majina ya wateja na walichokuuliza. Langu la kwanza nililianza siku ile yule mama aliponirudishia pete, na jina lake liko ukurasa wa kwanza.